Muhuri Uliokuwa Kwenye Unga wa Wimbi

Kitale, Alhamisi mchana

Naliaka wangu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Zubeda nyuma ya msikiti, na najua hutarudi kabla ya magharibi kwa sababu nimemwambia akusuke zile ndogondogo kabisa. Ulifikiri nakufanyia hisani. Ulisema, "Mathe leo umeamka vizuri, hadi unanilipia rasta!" Mimi nilitaka nyumba iwe tupu, basi. Kuna jambo nimelibeba zaidi ya mwaka mmoja, na kila nikikuona uso linarudi tumboni. Ndiyo maana nimeamua kuliandika mchana huu, ili kesho usafiri nalo.

Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa za kikohozi, wala kupiga simu kila Jumapili. Mama zako wadogo wamekupa maagizo mpaka umeanza kuitikia kabla hawajamaliza kusema. Barua hii nitaichomeka kwenye mkoba wako wa mkononi, na naomba uifungue ukishapita Kiminini. Ningekuwa jasiri ningekupa ukiingia tu mlangoni.

Nianze na lile dogo ili nipate nguvu ya kufikia lile kubwa. Nakuonea wivu. Ukitaka kucheka, cheka hapo ulipo, lakini usidhani ni utani. Siku ile chuo cha Johannesburg kilipokukubali ulipiga kelele mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi akidhani tumevamiwa. Nilikukumbatia, nikaruka nawe, nikapiga vigelegele. Kisha nikaenda bafuni nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikajiuliza kwa nini si mimi. Mama mzima wa miaka hamsini na mbili, mwenye miwani na presha, nimekaa juu ya ndoo namwonea mtoto wangu wivu. Nilifungulia maji ili usinisikie.

Baadaye ulinionyesha orodha ya masomo yako kwenye simu. Digrii ya pili, uongozi wa mashirika ya kijamii na mambo ya umma. Kuna somo la kushirikisha jamii. Kuna somo la kuongoza watu wa kujitolea. Kuna somo la kupima kama mradi umesaidia watu au umewasumbua tu. Ulikuwa ukinisomea huku macho yako yanang'aa, na mimi nilikuwa nikisema "eeh, eeh" huku moyo unaniwasha. Mwanangu, hiyo kazi nimeifanya miaka zaidi ya ishirini bila kujua kwamba ina jina.

Nilianza katika lile shirika la hapa Kitale ukiwa bado unanyonya. Waliniita mhamasishaji. Walinipa buti za mpira na begi la karatasi kubwa na kalamu za rangi, nikazunguka kutoka Suam mpakani hadi Matulo kwa wakwe zangu. Nilijifunza nani asikalishwe karibu na nani. Nilijifunza kwamba ukitaka akina mama waseme la moyoni usiwapange kwenye viti kama watu wa harusi. Wape mahindi wapukuchue, mikono ikishughulika maneno yanatoka yenyewe. Hakuna aliyenifundisha hilo, na sasa naona wewe utafundishwa muhula mzima na mtu mwenye shahada tatu. Nilisoma jina lake mara mbili kwenye simu yako nikamchukia bure.

Vijana wenye digrii ya pili walikuja ofisini kwetu wakapita. Watatu niliwafundisha kazi mimi mwenyewe, na wote watatu wakawa wakubwa wangu. Wa mwisho wao alinituma Matulo nikawachoree watu mti wa matatizo, mizizi iwe visababishi, matawi yawe matokeo. Nikachora, na rangi nikatia. Mama mmoja akauliza, "Sasa huu mti wa shida tunaupanda wapi, na shida si tuko nazo tayari?" Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika. Niliporudi nikamsimulia yule kijana nikidhani atacheka pia, naye akaandika kwenye daftari lake, "Changamoto ya uelewa."

Nilikuwa nikimtazama akizunguka kwenye kile kiti chake chenye magurudumu, nikisema moyoni kwamba siku moja mtoto wangu atakaa pale. Nilikuwa nakukusudia wewe. Sikujua kwamba siku utakapokikaribia kiti chenyewe, mkono wangu utatoka kukuvuta shati.

Sasa nafika.

Unakumbuka uliporudi na digrii ya kwanza ukakosa kazi, ukaenda kukaa Matulo kwa shangazi yako, Senge Rael, mwaka mzima, ukikisaidia kikundi chetu cha chemchemi bila mshahara. Uliwaandikia katiba, ukawapangia zamu za kufyeka na kusafisha, ukawafundisha wasichana kuandika kumbukumbu za mkutano. Mimi ndiye mwenyekiti, ingawa naishi huku Kitale na huenda mara moja kwa mwezi. Halafu ukaomba nafasi ya chuo kwa mara ya kwanza. Ile uliyoikosa.

Wakati huo uliichapisha insha yako ya maombi kule saiba, ukaiacha mezani ili uisahihishe. Niliisoma umetoka. Katika ukurasa wa pili umeeleza jinsi watu wa Matulo walivyoikomboa chemchemi yao, na umeeleza vizuri, hata mimi niliyekuwepo niliona tope likigeuka maji. Kisha ukaandika kwamba kazi hiyo iliongozwa na "mkazi mmoja wa eneo hilo". Kiingereza changu si kingi lakini kinatosha kuona kwamba jina langu halipo. Nikasoma mpaka mwisho nikijitafuta, kisha nikaanza tena juu. Mwalimu wako wa kidato cha tatu umemtaja kwa jina, na jina la ukoo wake ukaweka. Mkazi mmoja ni mimi.

Ningekuuliza. Labda ungeniambia, "Mathe, si ni form ya insha, hawataki ionekane ni familia." Na labda ingekuwa kweli. Sikuuliza. Niliirudisha karatasi palepale mezani, nikailinganisha kona kwa kona, nikaenda kukaanga mboga nikiwa nimeshavimba.

Wiki hiyohiyo chuo kikataka barua kutoka kwa kikundi ulichokitumikia. Unajua barua ya kikundi ilivyo kwetu. Bila muhuri hata chifu haipokei, itafungiwa njugu. Na unaijua sheria ya Matulo, kwamba muhuri na wino havilali nyumba moja. Muhuri unakaa kwangu mwenyekiti. Kibati cha wino, kile chenye sponji ndani, kinakaa kwa katibu, na katibu ni Rael, dada ya marehemu baba yako. Lazima watu wawili wakutane ndipo barua iwe barua.

Rael mwenyewe aliitunga barua yako, wewe ukaichapisha, ukanikabidhi. Ulisema, "Mathe, dedlaini ni Ijumaa ya wiki ijayo. Usiniangushe."

Nikakwambia muhuri ninao, ila wino hauko, Senge amekwenda nao Suam kwenye kikapu chake. Kweli alikuwa Suam, amekwenda kununua maharagwe kwa Waganda kama kawaida yake. Lakini alirudi siku ya tatu, na nilijua amerudi kwa sababu alinipigia. Kwako nikasema bado. Ulitaka kumpigia wewe mwenyewe nikakuzuia, nikasema kule mpakani simu yake inashika mtandao wa Uganda, utamsumbua. Ukaniamini, kwa sababu mimi ni mama yako na huna desturi ya kunichunguza.

Jumatano ya wiki ya mwisho ulikuwa Bungoma, umepanga foleni kwenye ofisi za serikali ukifuatilia cheti chako cha kuzaliwa. Mchana Rael akabisha hodi hapa. Alikuwa amebeba kile kibati kwenye mfuko wa nailoni, amekifunga mara mbili kisimwagike.

"Wifi, nimeleta wino," alisema kabla hata hajakaa. "Mtoto atachelewa bana. Leta huo muhuri tugonge, nirudi."

"Muhuri sijui umeingia wapi," nikasema. "Nimetafuta nyumba yote."

"Si hukaa kwa droo?"

"Haumo."

"Ati haumo? Basi tutafute pamoja."

Tukatafuta. Mimi nilitafuta kwa bidii kuliko yeye. Nilinyanyua mito ya viti, nikapiga magoti nikachungulia chini ya kitanda, nikakung'uta hadi viatu vyako vya shule vya zamani. Na wakati wote huo nilijua muhuri uko wapi. Nilikuwa nimeuzika ndani ya ndoo ya unga wa wimbi, jikoni, siku ileile uliponikabidhi barua.

Saa saba ikafika. Rael akasema nimechoka, nikae chini, atatupikia. Unamjua Senge wako, hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kushika mwiko. Nilipokumbuka ndoo, tayari nilisikia kifuniko kikifunguka.

Nilibaki sebuleni nimekumbatia mto wa kiti. Jikoni kulinyamaza. Kisha nikasikia maji yakichemka, na mwiko ukigonga sufuria, na Rael akaniita kwa sauti yake ya kila siku, "Ugali umeiva, wifi. Njoo tule."

Tukala. Alikuwa amenawa, lakini ule wino wa zambarau uliogandia kwenye muhuri hautoki na maji, nawe unajua. Aliingiza mkono wenye maji kwenye unga, na vidole vyake viwili vikarudi na rangi. Alimega ugali kwa mkono huohuo mbele yangu, hakuuficha chini ya meza wala hakunionyesha makusudi. Alizungumzia mvua ya Suam na mtoto wa Wekesa aliyeota meno. Mimi nilikula ugali ule wote.

Alipomaliza alinawa tena, akachukua kibati chake, akasimama mlangoni. "Ukiupata utaniita," akasema. "Mimi niko tu. Hata ikiwa kesho alfajiri, nitakuja."

Alinipa siku mbili nzima. Sikumwita. Ijumaa ikafika, ikapita, nikakuangalia ukitazama simu mpaka saa sita ya usiku wa chuo ikapiga. Jumatatu nikakwambia kwamba Senge hatimaye amerudi na wino.

Uliondoka siku hiyohiyo ukaenda Matulo. Uliporudi ulinisimulia ukiwa bado umesimama, mkoba begani. Kwamba ulimkuta uani na wake wa watoto wake wanapukuchua mahindi, na ukamwambia mbele yao wote, "Senge, hicho kibati ni cha kikundi, si cha bwana yako. Umekikalia mpaka nimekosa chuo. Wewe una wivu kwa sababu watoto wako hawakusoma."

Nikakuuliza yeye alisemaje.

"Ati, 'Sawa, mama. Mwakani chuo kitakuwa bado kipo.' Hivyo tu! Hakujitetea hata. Si hiyo inaonyesha ni yeye?"

Na mimi niliyekuzaa nikasema, "Achana naye. Watu wa ukoo ndivyo walivyo." Katika yote niliyokutendea, hilo neno ndilo linalonirudia hata nikiwa nakoroga uji. Ule wivu uliomtupia Senge ulikuwa wangu, nilikuona ukiubeba ukampelekea, nami nikakufungulia mlango.

Ulipoteza mwaka kwa sababu yangu, Naliaka. Ulisimama katika lile duka la simu hapa Kitale kutwa nzima ukiwaeleza watu tofauti ya chaja na chaja, na jioni ulikuwa ukivua viatu unanyoosha miguu. Nilikuwa nakukanda miguu. Ulisema, "Mathe, bila wewe ningefanyaje." Nilikuwa nikikanda kwa nguvu zaidi ili nisilie.

Na huo mwaka wote hukumsalimu shangazi yako. Kwenye matanga kule kwao ulizunguka hema lote ili usipite alipokaa. Alikuona ukizunguka, nami nilimwona akikuona. Angeweza kusema neno moja tu hapo, aninyooshee kidole mbele ya ukoo mzima, nami ningekuwa sina pa kuingia. Hakusema. Wiki iliyopita ametuma kopo la simsim ya kusaga uende nayo, na wewe umeliacha juu ya kabati la jikoni. Mimi napita hapo mara kumi kwa siku.

Nilidhani hapa ningemaliza. Lakini nikiishia hapa utasema nilikasirishwa na insha yako, na insha itabeba lawama isiyo yake. Kuna jambo la nyuma zaidi, na linahusu kile cheti kilichokuwa juu ya televisheni, ulichokuwa ukikiangalia tangu utotoni. Nasema kilichokuwa kwa sababu nimekiteremsha asubuhi hii ulipokuwa unaoga. Ukutani imebaki alama ya pembe nne, nyeupe kuliko kwingine.

Mwenyekiti wa kwanza wa kikundi alikuwa mwanamume mmoja, marehemu sasa. Alikaa kwake peke yake akaandika barua, akagonga muhuri, akawaruhusu watu wa matofali wachimbe udongo juu ya chemchemi. Hakuna aliyejua mpaka maji yalipotoka rangi ya chai. Mkutano uliitishwa, wewe ukiwa mdogo, umeketi kwenye begi langu la kazi. Kila mtu alikuwa anapiga kelele, wengine wanataka kumchapa mzee wa watu, na mimi mhamasishaji nimesimama mbele na kalamu za rangi sijui niandike nini.

Rael akasimama, mtoto mgongoni. Akasema, "Shida si huyu mtu. Mkiweka mwingine atafanya vilevile. Shida ni muhuri na wino kulala nyumba moja. Vitenganisheni." Kisha akakaa, akaanza kumnyonyesha mtoto.

Hivyo tu. Mimi nilikuwa nimehudhuria semina sita za uongozi bora, zote na chakula cha mchana, na wazo hilo halikunijia. Nilimwonea wivu palepale, hata kabla watu hawajamaliza kupiga makofi. Na niliporudi Kitale nikaandika ripoti, "Afisa wa nyanjani alibuni utaratibu wa kutenganisha muhuri na wino." Afisa wa nyanjani nilikuwa mimi. Rael nilimtia kwenye orodha ya wanufaika, nambari kumi na saba.

Wageni wa shirika walifurahi sana. Walikuja kuona, wakapiga picha muhuri katika nyumba moja na kibati katika nyumba nyingine. Nikaitwa kwenye ukumbi hapa mjini nikapewa cheti, na baadaye nikapandishwa kazi. Rael alikuja na akina mama wenzake kunishangilia. Alikuwa amevaa leso mpya, na vigelegele vyake ndivyo vilivyokuwa vikubwa kuliko vya wote. Nilipomkumbatia nilimngoja aseme. Aliniambia, "Wifi, umetuheshimisha."

Basi ndiyo maana "mkazi mmoja" ilinichoma vile. Niliijua kazi hiyo ya kalamu. Nilishaifanya mwenyewe, na vibaya kuliko wewe, maana wewe angalau uliacha alama kwamba kulikuwa na mtu.

Huko unakokwenda utajifunza kuandika ripoti nzuri kuliko zangu zote. Sikupi somo, nimekwisha kukuonyesha mimi ni mwalimu wa aina gani. Nakuambia tu jinsi ilivyokuwa kwangu. Kulifuta jina la mtu hakukunichukua hata dakika. Hakuna kengele iliyolia. Chai ilikuwa bado moto mezani nilipomaliza ile sentensi, nikainywa, nikaenda nyumbani nikakupikia. Ilinichukua miaka kuanza kuisikia hiyo kengele, na nilipoisikia nilikuwa nimeshakufanyia wewe pia jambo langu.

Sasa nakuomba kitu, na una haki ya kukataa.

Kesho unaenda Bungoma kuagana na wajomba zako kabla ya kupanda basi la jioni. Barabara inapita Matulo. Shuka. Kwetu msichana haendi mbali bila kuwekwa mkono kichwani na senge wake, na wewe ulikuwa unataka kwenda hivyohivyo kwa sababu ya uongo wangu. Nilifikiria nije nawe nikusindikize mpaka mlangoni kwake. Nimejizuia. Nikija nitasema mimi, na nikisema mimi nitapamba.

Kwenye mfuko wa mbele wa begi lako kubwa nimeweka muhuri, umefungwa ndani ya leso yangu ya kijani. Mpe Rael mkononi. Mwambie nimeacha uenyekiti, na kwamba nitalisema mwenyewe mbele ya kikundi Jumamosi, pamoja na habari ya ripoti na habari ya unga. Nitapendekeza yeye auchukue muhuri. Wakikubali, basi kibati kitahama kwake kije kwangu, maana havilali nyumba moja, na mimi nitakuwa katibu wake. Nitakaa pembeni na daftari niandike nani amesema nini, kwa jina, na yeye atasoma kabla ya kugonga. Nikifikiria tu nimekaa pembeni hivyo naona wivu tayari. Umenizoea, unajua hautaisha kesho.

Na kuna wivu mwingine nimeuona sasa hivi nikiandika. Najua utakapomwomba msamaha atasema "Aah, achana na hayo, umekula?" Atakupikia. Utakula na kulia na kucheka, na mtakuwa wawili mezani pale, na mimi nitakuwa huku Kitale na ndoo yangu ya unga. Huenda ukampenda kuliko mimi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukirudi kutoka likizo kwake unanukia moshi wa jikoni kwake, na nilikuwa nakuogesha haraka ili unukie nyumbani. Hilo nalo sijawahi kukuambia.

Ukinikasirikia, nikasirikie kwa muda unaotaka. Usinipigie kutoka Bungoma kunituliza. Piga siku utakayotaka mwenyewe kunipigia, na nitakuwa na simu mkononi.

Umenitumia picha, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama umeona fisi. Umependeza hata hivyo. Nywele zangu za mbele zimeshaisha, kwa hivyo hizo zako nazo nakuonea wivu. Adhana ya alasiri imepita kitambo, lazima nifunge barua kabla hujaingia.

Hapa chini nimeugonga muhuri kabla ya kuufunga. Nyumbani kwangu hakuna wino, kwa hivyo hutaona kitu, lakini pitisha kidole utahisi mviringo. Barua hii bado haijawa barua. Mpe Rael aisome yote, neno kwa neno, wewe ukiwepo. Yeye alikuwa kwenye ule mkutano, na yeye ndiye aliyetia mkono kwenye ndoo. Akiona mahali nimejipendelea, asigonge, na wewe usiniamini. Akiona ni kweli, mwombe afungue kibati chake.

Mama yako, mkazi mmoja wa Kitale,

Felista